Chaja Iliyotangulia Gilgil

Kipchirchir hakuwahi kununua kitu akakiacha kama kilivyotoka dukani. Redio yake ilikuwa na spika ya gari, ingawa gari hakuwa nalo. Jiko la makaa alilitia feni ya kompyuta mbovu, chai ikawa inachemka kabla maji hayajajua yamewekwa wapi. Pikipiki yake ya umeme, aliyobebea watu pale Nakuru, alikuwa ameifungia betri chini ya kiti kwa mkanda wa chuma uliochomelewa, ili mwizi akitaka betri ibidi abebe na pikipiki, na akitaka pikipiki ibidi abebe na Kipchirchir. Wenzake wa steji walimwita Ongeza. Mkewe Nerima, ambaye alikuwa na haki ya kumwita vibaya zaidi, alimwita Baba Cheruto, na akaificha pasi ya kunyoosha nguo mahali ambapo mume wake hangeiona akapata wazo.

Kitu kimoja tu ndicho Ongeza alichokiacha kama kilivyozaliwa, nacho ni tundu la kuchajia betri. Nalo ndilo lililomwaibisha Gilgil.

Lilikuwa tundu dogo la mviringo, kama la kompyuta ya mapajani. Lilinywa umeme kwa mrija. Betri ikiwa imeisha, ungechomeka asubuhi, ukanywa chai, ukala mchana, ukazeeka kidogo, ndiyo taa ya kijani iwake. Na ukiliharakisha kwa chaja yenye nguvu linapata joto, plastiki inageuka rangi ya kahawia, na nyumba nzima inanuka kifungo kilichoanguka kwenye moto.

Nakuru hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwa wakwe. Nerima ni Mbukusu, na wazazi wake wanakaa Gilgil, ambako baba yake, Sajini Wafubwa, alinunua shamba dogo alipostaafu jeshini. Katika boma la Sajini mila zinatunzwa kama bunduki: zinapanguswa kila siku hata kama hakuna vita. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono. Hawatazamani. Hawapitani mlangoni wala hawakalii kiti kimoja. Kwao Kipchirchir, upande wa Njoro, mama mkwe humkaribisha kijana kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, naye hunywa na kupangusa mdomo mbele yake bila mtu kuzimia. Lakini kijana akioa anaoa pamoja na mila, na Kipchirchir alikuwa amekubali zote bila kuongeza chochote, jambo ambalo lilimshangaza hata Nerima.

Basi siku moja alienda Gilgil kuwasalimia, akafika betri ikiwa imekufa kifo cha haki. Akachomeka. Akakaa kwenye veranda kusubiri. Sajini akaleta kiti chake, akaanza kusimulia habari za kulinda amani nchi za watu, na Sajini akishapata msikilizaji hamwachii, hata kwenda haja ni kwa ruhusa. Nyumba ya Sajini ina mlango mmoja tu, kwa sababu Sajini anaamini mlango wa pili ni wa adui. Mlango huo mmoja unatokea kwenye veranda. Na ndani ya nyumba, tangu asubuhi hiyo hadi jua lilipolala juu ya milima, alikuwa mama mkwe, amevaa viatu vya kwenda kanisani, akingoja taa ya kijani.

Siku hiyo kwaya ya akina mama ilikuwa na mazoezi, na yeye ndiye aliyepaswa kuongoza. Alikohoa mara ya kwanza kwa upole. Kufikia jioni alikuwa anakohoa kama trekta.

Wiki zikapita. Kisha Nerima akaleta ujumbe kutoka nyumbani, akiwa anapepeta mchele bila hata kuinua macho.

"Mama anasema amekusamehe."

"Amenisamehe kabisa?"

"Kabisa. Anasema pia Jumamosi kuna mashindano ya kwaya pale kanisani, na asipofika mapema, wimbo wa kuongoza anapewa Mama Chepchirchir."

"Yule mwenye sauti ya bawaba?"

"Huyo. Na sare za kwaya zinashonwa hapa Nakuru, na mwenye kuzipeleka ni wewe."

Kipchirchir akaelewa. Mtu hasamehewi bure. Ilibidi aende, kwa kuwa sare za kwaya nzima haziachiwi makanga. Ilibidi achaji huko, kwa kuwa betri inafika Gilgil lakini hairudi. Kuchaji njiani, kwa mwenye bucha pale Kikopey, kulishakatazwa na Sajini: eti watu wataona pikipiki ya mkwe wake inalishwa na wauza mbuzi, waseme nyumbani kwa Sajini stima imekatwa. Na ilibidi amalize haraka, aondoke pale nyumbani ili mama wa watu atoke akaimbe. Akimkosesha mara ya pili, hata Nerima mwenyewe hangejua pa kuanzia kumtetea.

Akampelekea pikipiki Nasrudin, fundi wa umeme kule Bondeni.

"Haya, Ongeza," Nasrudin alisema bila kuacha alichokuwa akifanya. "Leo umekuja kuharibu nini?"

"Nataka kichwa kikubwa."

"Hicho unacho. Sema shida."

"Nataka nichomeke nikianza kula. Nikimaliza kula iwe imejaa."

"Unakula wapi?"

"Kwa wakwe."

Nasrudin akaweka chini chuma cha kulehemu. Hili lilikuwa jambo la heshima. Akainama, akasoma kibandiko cha betri, akafuata nyaya kwa kidole mpaka zinapoingilia. Betri, alisema, inakubali kulishwa zaidi ya mara mbili ya hivi inavyolishwa. Nyaya za ndani ni nene, hazina neno. Kinachoizuia ni hili tundu la kuchajia saa ya mkononi, na chaja yenyewe ambayo ni mtoto wa chaja.

Akatoa vichwa viwili vya njano, vilivyobanana kama mtu na kivuli chake. Vina pini mbili nene za rangi ya dhahabu, na pembe za upande mmoja zimekatwa ili visiingiane kinyume.

"Hata ukilewa, haviingii vibaya."

"Mimi silewi."

"Hata wakwe zako wakilewa."

"Hao wameokoka."

"Basi tumefunga milango yote." Nasrudin akakata waya mmoja wa betri, akaufunika kwa utepe wa nailoni kabla hajaugusa wa pili. "Hizi mbili hazikatwi pamoja. Zikikutana kabla ya harusi, moto." Akalehemu kimoja, akakivalisha kijimpira, akakipasha kikanywea na kubana, ndipo akaenda kwa kingine. Kichwa chenye mashimo akakiweka upande wa betri, na chenye pini upande wa chaja mpya.

"Kwa nini usigeuze?" Kipchirchir aliuliza. "Pini zinapendeza zikiwa upande wangu."

"Kwa sababu betri hailali, bwana. Chaja ukiichomoa ukutani imekufa. Betri ina moto saa zote. Ukiacha pini zake zimetoka nje, funguo zako zikizigusa tu, hiyo pikipiki utaibeba kwa ndoo."

Ongeza akazihamishia funguo zake mfuko wa nyuma. Chaja mpya ikawashwa, feni yake ikavuma, na Nasrudin akamwambia aweke kiganja kwenye kichwa cha njano. Kilikuwa baridi kama salamu ya jirani mliyekosana.

Sasa, siku ya safari nyuma ya pikipiki kungekuwa na furushi la sare, na chaja yenyewe ni nzito kama tofali. Kwa hiyo Kipchirchir akaitanguliza Gilgil katikati ya wiki, kama kifurushi, ikiwa na kichwa chake cha njano. Akamwambia Nerima asiwaambie wazee kitu chochote kuhusu tundu jipya. Alitaka wakwe washangae.

"Sawa," Nerima alisema.

Jumamosi asubuhi mshonaji akamaliza sare. Ijumaa isingewezekana, mshonaji hajawahi kumaliza kitu Ijumaa tangu sindano ivumbuliwe. Kipchirchir akafunga furushi na kuondoka. Kilima cha Mbaruk kilikula betri kama mgeni asiyealikwa, Ziwa Elementaita likapita kulia likiwa limejaa anga, na pale Kikopey moshi wa mbuzi ukamvuta shati, lakini akakaza macho barabarani. Alipoingia Gilgil betri ilikuwa na kimstari kimoja, nacho kilikuwa kinapepesa.

Sajini alikuwa langoni, mgongo wima.

"Umefika."

"Nimefika, mzee."

"Furushi nipe mimi. Mama atalipokea ndani. Wewe nifuate."

Hakumpeleka kwenye veranda. Alimzungusha mpaka nyuma ya zizi, mbali na mlango, na hapo Kipchirchir akakuta jambo ambalo hakulitarajia. Kulikuwa na kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufumwa. Kulikuwa na kistuli na chupa ya chai. Na kutoka dirisha la jikoni, ukining'inia juu ya vijiti vilivyochomekwa ardhini kimoja baada ya kingine, ulikuja waya mrefu kuliko ibada ya Pasaka, ukaishia kwenye mkono wa kiti.

"Mama amefikiria," Sajini alisema. "Chaja iko jikoni, wewe uko huku, yeye anatoka na njia yake. Hakuna kuzingirana tena."

Hakuna mtu aliyewahi kumwongezea yeye kitu. Kipchirchir akashika ncha ya waya ili achomeke.

Ncha ilikuwa na kichwa kidogo cha mviringo.

Akaigeuza. Ikawa mviringo upande wa pili pia.

"Mzee. Kile kichwa cha njano kiko wapi?"

"Kile kibaya? Kilitolewa." Sajini alitabasamu kama mtu anayetangaza ushindi. "Mama alikigundua mara moja. Ile siku ya kwanza alikaa dirishani mchana kutwa akitazama hicho kitu chako kinavyochajiwa, anakijua sura. Chaja ilipofika akasema, duka limemdanganya kijana, hiki sicho. Akamwita Zeddy anayetengeneza redio, akakiondoa, akaweka chenyewe. Na waya akauongeza hapo hapo."

Kipchirchir akakaa juu ya kitambaa cha kufumwa. Akampigia Nerima.

"Nerima, ulijua mama amebadilisha chaja?"

"Nilijua."

"Na ulijua mimi nimebadilisha tundu."

"Baba Cheruto, mimi ndiye nilikupikia ukienda Bondeni."

"Na hukusema."

"Wewe uliniambia nisiseme. Mama aliniambia nisiseme. Nikashika ya huyu, nikashika ya yule. Sasa unataka nimvunjie nani?"

"Siri zako zimenileta nyuma ya ng'ombe, Nerima."

"Msalimie mama," Nerima alisema, akakata simu.

Hapo Sajini akashika usukani. Akaamuru pikipiki isukumwe hadi kwenye veranda, ambako kuna mwanga na ndiko koleo zake zilipo. Kipchirchir alitii kabla hajafikiri, kwa sababu Sajini akisema miguu yako inasikia kabla yako. Chaja ikatolewa jikoni kupitia dirisha. Mzee akaanza kumenya waya kwa meno.

"Tunauchuna hivi, tunazisokota ndani ya hayo matundu yako, tunafunga na kipande cha mpira. Msituni tuliwasha redio hivyo."

"Mzee, hii si redio. Ukikosea nyekundu na nyeusi, tunapoteza betri na veranda."

"Nyekundu ni ipi?"

"Zeddy ametumia waya wa kijivu peke yake."

"Basi tunajaribu moja, ikikataa tunageuza."

"Ikikataa hatutakuwa na mikono ya kugeuzia."

Wakabishana kwa adabu, mkwe na baba mkwe, vichwa vimeinamiana juu ya betri, huku kivuli cha paa kikisogea kwenye saruji. Ndipo ndani ya nyumba mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo cha upole. Kipchirchir alikijua. Akainua macho akaona alipokaa: mbele ya mlango, ule mmoja, na pikipiki imeuziba kama jiwe la kaburi. Kule kanisani kwaya nzima ilikuwa inangoja sare, na sare zilikuwa ndani, pamoja na mwimbaji.

Angeweza kujiondokea yeye na kuiacha pikipiki. Lakini akamtazama Sajini, akatazama zile koleo, akajua kwamba akifika tu langoni mzee atasokota nyaya, na mama mkwe atatoka nyumbani akipitia juu ya paa.

"Mzee, niruhusu niondoke nayo."

"Haina moto."

"Nitaisukuma."

"Hujala."

"Nikila, mama anachelewa."

Katika boma lile hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kula, na ungeweza kumwona mzee akitafuta ndani ya kichwa chake sheria ya kumzuia. Mwisho akaingia ndani, akarudi na paja la kuku ndani ya mfuko, akauning'iniza kwenye usukani wa pikipiki.

Kutoka kwa Sajini hadi barabara ya kanisani kuna kijia chembamba, mahindi upande huu na seng'enge upande ule. Pikipiki ya umeme isiyo na umeme ni ng'ombe aliyekataa kutembea. Kipchirchir akasukuma, akapumzika, akasukuma. Kisha akasikia nyuma yake viatu. Akisimama, vinasimama. Akisukuma, vinatembea hatua mbili tatu, vinasimama tena.

Hakugeuka. Hakuhitaji. Kwenye vumbi mbele yake kilikuwa kimelala kivuli cha mtu mwenye furushi kichwani.

Hapo akaliona kosa lake lote. Alikuwa ameondoka mlangoni akaenda kuziba njia. Mama hawezi kumpita, maana kumpita ni kugusana nguo. Hawezi kumwita. Anaweza tu kumfuata mkwe wake kwa mwendo wa kinyonga, amebeba sare za kwaya nzima, huku Mama Chepchirchir akisafisha koo.

Kwa hiyo Kipchirchir akafanya jambo ambalo wenzake wa steji wangelipia kiingilio kuliona. Akaigeuza pikipiki, akajizamisha nayo ndani ya mahindi ya watu, akapiga magoti nyuma ya kiti, uso kaugeuzia majani, na jani moja likamwingia sikioni.

Viatu vikaja. Vikafika usawa wake. Vikasimama.

"Mahindi ya mwaka huu," sauti ya mwanamke ilisema polepole, ikiliambia shamba, "yamelelewa vizuri."

Jani likamwasha sikio, Kipchirchir akaliacha.

"Nashangaa kama mahindi haya yanajua kwamba Zeddy yuko kanisani anafunga spika. Na kile kitu cha njano anacho kwenye sanduku lake, maana Zeddy hatupi kitu. Mimi simwambii mtu. Naongea na shamba. Na chaja nimemwambia mzee ailete, mahindi yasihangaike kurudi."

Viatu vikaondoka, na safari hii vilikuwa vinakimbia.

Nusu ya njia iliyobaki Kipchirchir aliisukuma kama mtu aliyelipwa. Alimkuta Zeddy nyuma ya kanisa, kijana mwembamba mwenye nyaya shingoni.

"Boss, ndio wewe mwenye kale ka njano? Mimi niliona ni kazi safi kabisa. Lakini mathe alisema ni feki, na mathe ukimbishia anaenda kukuombea kwa kipaza sauti."

Sajini akatokea kwa mwendo wa kikosi, chaja kwapani, ule waya mrefu ameshaukata kwa panga. Zeddy akalehemu kichwa cha njano pale pale juu ya boksi la spika, Kipchirchir akimsimamia kwa maneno ya Nasrudin: moja kwanza, funika, halafu ya pili. Wakachomeka kwenye soketi ya ukuta wa nyuma. Chaja ikavuma. Kipchirchir akaweka kiganja, baridi. Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa kanisa, akala paja lake la kuku, kama alivyopanga, ila hakupanga kulila akiwa na majani ya mahindi kwenye nywele.

Ndani, kwaya ya akina mama ikaitwa.

Kwa miaka yote ya ndoa yake, Kipchirchir alijua kikohozi cha mama mkwe tu, na siku hiyo maneno machache aliyoliambia shamba. Sauti iliyoanza kule ndani ilikuja ya chini, bila haraka, kama mtu anayefungua duka lake mwenyewe. Ikapanda. Wengine wakaitikia, ikapanda juu yao, ikatoka kupitia madirisha na kuvuka uwanja mpaka kwa wauza viazi, na mmoja wao akaacha kupanga viazi. Kipchirchir aliacha kutafuna. Hii ndiyo sauti aliyoifungia ndani ya nyumba mchana kutwa kwa ajili ya tundu la mviringo.

Walipomaliza na matokeo yakasomwa, Sajini akaja kusimama kwenye kona ya kanisa, mahali ambapo angeweza kuona pande zote mbili. Upande mmoja mkwe na pikipiki. Upande wa pili, karibu kabisa na kona lakini asionekane, mtu aliyevaa sare mpya.

"Mama anasema wamekuwa wa pili," Sajini alitangaza.

"Mwambie mama hongera."

"Mama, anasema hongera."

"Mwambie wa kwanza walikuwa na ngoma tatu," ukuta ulisema.

"Mama anasema wa kwanza walikuwa na ngoma tatu."

"Nimesikia, mzee. Mwambie mama nilikosea. Nilibadilisha kitu bila kumjulisha."

"Mama, anasema alikosea."

"Mwambie hata mimi."

"Anasema hata yeye."

Kipchirchir akapangusa mikono kwenye suruali. Akaitazama kona ile tupu.

"Mwambie mama," alisema, "sauti yake imefika mpaka huku nje. Mwambie singejua."

Sajini akageuza shingo ili apeleke ujumbe. Kabla hajafungua mdomo, upande wa pili wa ukuta ukamwambia mkwe moja kwa moja, bila kupitia shamba wala mtu:

"Asante, baba."

Mzee akabaki shingo imegeuka nusu. Akamtazama mkewe, akamtazama mkwe wake, akakaza mgongo, maana kazi ni kazi.

"Mama anasema asante, baba."